Kompyuta Iliyokawia Kuamka

Nakundwa alibonyeza kitufe, akakunja mikono, akasubiri. Feni zilianza kuzunguka. Taa ndogo ya kijani ikawaka mbele ya kasha. Skrini ikabaki nyeusi, weusi ule wa kioo kilichopanguswa vizuri hata mtu akajiona sura, na sura aliyoiona humo ilikuwa ya mtu ambaye usingizi umemkimbia.

Kilichomkera zaidi ni kwamba kompyuta yenyewe ilikuwa mpya. Ingekuwa kuukuu angeelewa. Vitu vikuukuu vina haki ya kujikongoja. Hii aliiunda mwenyewe juu ya meza hiyo hiyo, kipande kimoja baada ya kingine. Bodi ilitoka kwenye boksi lake, RAM hazijawahi kuguswa, na diski ilikuwa ya aina ambayo mafundi wenzake huko mjini wangeitolea macho. Mashine ya namna hiyo ilitakiwa iwe imeshaamka kabla mtu hajamaliza kupiga chafya. Lakini tangu aibonyeze mpaka ikubali kazi, mtu angeweza kuchemsha chai, akainywa, akasuuza na kikombe.

Mlangoni mjomba wake, Mrutu, alikohoa. Alikuwa mwenyekiti wa kamati ya maji ya Kirongwe, na hakuwa mtu wa kugomba. Akiudhika hukohoa, akiogopa hukohoa, na waliomzoea walijua kikohozi kipi ni kipi. Hiki kilikuwa cha woga.

Nje, chini kidogo ya kibanda cha mitambo, ndiva, bwawa la kumwagilia mashamba, ilikuwa imetulia kwenye bega la mlima. Wazee wa Upare waliichimba kwa majembe ili maji ya kijito yajae usiku na kufunguliwa asubuhi, kila shamba kwa zamu yake. Wakati huo mvua ilikuwa na adabu. Siku hizi ilikuwa hainyeshi, na ikinyesha inamwaga kama mtu aliyetumwa kukomoa. Kwa hiyo ndiva ilipanuliwa, ukingo ukainuliwa, na likawekwa lango la chuma la dharura la kutupa maji ya ziada kwenye bonde la zamani upande wa mashariki kabla hayajaubomoa ukingo na kuporomokea kijijini. Mtu asipokuwapo kibandani, lango hilo liliitii kompyuta peke yake. Radi ikipiga, umeme hukatika. Umeme ukirudi, kompyuta huamka, hutazama maji, hufungua. Ile ya zamani ilifanya hivyo misimu mingi, bila mtu kuipima muda, mpaka radi ilipoipiga yenyewe.

Kwenye mawe ya ukingo kulikuwa na mstari uliopakwa rangi nyekundu. Maji yakiupita mstari huo, hakuna aliyejua udongo utavumilia mpaka wapi.

Alhamisi angekuja mkaguzi wa mabwawa. Angeagiza ndiva ijazwe, akate umeme, aurudishe, kisha asimame kuutazama mstari. Maji yakiupita, ndiva ingekaushwa na msimu ungekuwa umekwisha kabla haujaanza, mahindi, maharage na tangawizi za kaya zote za Kirongwe, pamoja na shamba la mama yake Nakundwa lililo mwisho kabisa wa mfereji wa kijiji.

"Bado?" mjomba aliuliza.

"Bado, mjomba."

Akakohoa, akaondoka.

*

Nakundwa hakusomea kazi hii darasani. Alijifunza kwa kufungua vilivyokufa na kutazama ndani, na kazi hiyo ilimfundisha kutolaumu kitu chochote mapema. Alianza na vya juu juu. Alitoa RAM moja, akajaribu, akairudisha na kutoa ya pili. Alibadilisha waya wa diski, kisha diski yenyewe. Alishika kila kifaa kwa mkono wazi kuona kama kinapata joto. Kila kitu kilikuwa kizima, na kompyuta ikaendelea kukawia vile vile, hata ikamjia hamu ya kuipiga kofi.

Mwisho alichomoa chachu.

Chachu ilikuwa kijikadi cha ukubwa wa ukucha. Enzi hizi hakuna aliyeifundisha kompyuta kazi kuanzia mwanzo. Mashine ikikaa mahali miaka mingi, ikitazama watu wanavyofanya na kuwasikiliza wanavyosema, mazoea yake hukusanyika kwenye kadi hiyo. Mashine mpya ikiingia, hupewa chachu ya ile iliyotangulia, kama mpika togwa anavyobakiza kidogo la jana kwa ajili ya leo. Chachu haisomeki kama kitabu. Kilichomo hukijui mpaka ukione kikitendeka.

Bila chachu, kompyuta iliwaka papo hapo. Iliwaka, ikakaa ikimtazama, haijui ndiva ni nini wala lango liko wapi, kama mgeni aliyeshushwa stendi bila anwani. Alipoirudisha chachu, ujuzi ukarudi, na kukawia kukarudi nao.

Basi tatizo lilikuwa humo. Kitu fulani ambacho mashine ya zamani ilijifunza kwa Mzee Kajiru, mlinzi wa ndiva aliyeishi nayo kibandani mpaka alipofariki, ndicho kilichokuwa kinakula muda.

Aliiwasha tena, na safari hii hakutazama skrini. Alizunguka nyuma ya kasha, kwenye waya, akachuchumaa. Waya wa lango, waya wa kipimo cha maji, waya wa umeme, na mwingine wa kijivu, mkongwe, ulioingia ukutani na kutokea upande wa bondeni. Aliuunganisha kwa sababu ile ya zamani ilikuwa nao. Hakujua ni wa nini. Pembeni ya tundu lake palikuwa na kitaa cha manjano. Kikapepesa mara moja, kikatulia kwa muda mrefu. Kikapepesa tena, kikatulia. Kikapepesa mara ya tatu, kikatulia zaidi. Kisha kikaanza upya, tatu tena.

Kifaa kibovu huhangaika ovyo. Hurudia mara kumi, mara mia, hakina pa kukomea. Hiki kilikomea kwenye tatu kila mara, kama kilichofunzwa. Nakundwa alijikuta anagonga sakafu kwa kidole akifuatisha kitaa, na midomo yake ikatamka neno kabla akili haijalifikia.

"Hodi."

Mara tatu, na usipojibiwa unaondoka. Nani Upare asiyejua hivyo?

Alichukua spika ndogo kutoka kwenye begi, akaipachika kwenye waya wa kijivu, akaiwasha upya mashine. Sauti iliyotoka ilikuwa ya kompyuta, lakini mwendo wake ulikuwa wa Mzee Kajiru, aliyekuwa akiivuta ile *i* ya mwisho kana kwamba anaipandisha mlima. Hodii. Kimya na upepo. Hodii. Hodii. Kikafuata kisanduku cha sauti cha nyumba nyingine, kimya. Nyingine, kimya. Nakundwa alikaa juu ya visigino vyake akisikiliza nyumba tupu zikipigiwa hodi moja baada ya nyingine, na sasa alikumbuka. Alipokuwa mdogo watu waliishi huko bondeni, na kabla ya kufungua maji mlinzi alikuwa anawaita kwanza, kwa kuwa walilima na kufulia kwenye mfereji yanamopita maji hayo. Lango la dharura lilipojengwa watu hao walihamishiwa tambarare. Bonde likatangazwa tupu. Hakuna aliyekumbuka kuiambia mashine.

Nyumba ya tano ilikuwa kimya. Kidole chake kilikuwa tayari juu ya kitufe cha kuzima ilipofika ya sita.

Hodii.

"Karibu," ilijibu sauti ya mwanamume anayehema, tena mwenye hasira.

"Maji yanakuja," kompyuta ikasema.

"Tumesikia. Tumetoka. Haya."

Skrini ikawaka.

*

Kesho yake asubuhi aliteremka bondeni. Nyumba nne za mwanzo zilikuwa kuta tu. Mabati yalikwenda na wenyewe, na ndani palikuwa pameota mibarika. Kwenye kila nguzo ya mlango palibaki kisanduku cha sauti, kimefunikwa na utando wa buibui. Ya tano ilikuwa ng'ambo ya mfereji. Ilikuwa na paa, lakini mlango ulikuwa umefungwa na moshi hakuuona. Alisimama akiitazama. Kuvuka kulimaanisha kuteremka kwenye tope na kupanda tena, na muda ulikuwa unamkimbia. Akapita.

Mfereji wenyewe, pale ulipopanuka, ulikuwa kijani kibichi. Kila maji yalipotupwa yaliacha udongo mweusi laini, na juu ya udongo huo mtu alikuwa amepanda tangawizi, safu kwa safu. Mtu mwenyewe alikuwa katikati yake na jembe. Alipomwona Nakundwa hakukimbia.

"Wewe ndiye fundi?" aliuliza.

"Ndiye mimi. Shikamoo."

"Marahaba. Dada, una ugomvi gani na mimi? Hodi, maji yanakuja, natoka. Maji hayaji. Narudi. Hodi, natoka. Jana nimetoka humu mpaka mwanangu akaniuliza kama tunacheza."

Nakundwa alitaka kucheka na aibu ikamzuia. Kila alipowasha na kuzima akitafuta hitilafu kule juu, huku chini mtu alikuwa anabeba jembe lake na mtoto wake na kupanda ukingo wa mfereji. Akamwomba radhi.

Mtu huyo aliitwa Tumsifu Mmbaga. Alipewa kiwanja tambarare kama wengine, akalima huko miaka miwili, ardhi ikamtolea vumbi. Mkewe alipofariki akarudi na bintiye, Nendiwe, ambaye sasa alikuwa ameketi kizingitini mwa nyumba ya sita, juu ya ukingo, akimtazama mgeni bila kupepesa macho. Alirudi kwa kuwa kisanduku kilikuwa bado kinaita. Alisema hakuna mtu mwingine duniani aliyekuwa akimpigia hodi.

Nakundwa alimweleza yote taratibu: mkaguzi, mstari mwekundu, muda. Hakumficha kwamba njia rahisi ilikuwa kuikata tabia yote ya hodi, na kwamba kama ingekatwa, siku ya radi maji yangemfikia bila neno. Aliwaza king'ora kikubwa, lakini king'ora kinalia kwa ajili ya mtu, na kisheria hapa hapakuwa na mtu. Kupiga hodi huku lango likiwa linafunguliwa hakukufaa pia, kwa vile maji yalishuka haraka kuliko mtoto anavyoweza kupanda ukingo.

"Ukinitaja, nahamishwa," Tumsifu alisema.

"Najua."

"Ukinikata, nasombwa."

Nakundwa aligeuka kutazama upande wa pili wa mfereji. Baadaye akamuuliza, akinyoosha kidole, kama nyumba ile ya ng'ambo ina mtu.

Tumsifu aliinamia jembe lake, akakwangua tope kwenye ncha yake kwa kidole gumba. "Yule alihama," alisema.

Wakapatana. Nakundwa angezikata nyumba tano, aibakize moja. Hodi tatu za nyumba moja zingeingia ndani ya muda, alikuwa amepima. Alhamisi asubuhi Tumsifu na mwanawe wangekaa juu ya ukingo wa mfereji, na kisanduku kikiita wasijibu, ili sauti isije ikasikika kibandani. Mashine ingebisha, ingesubiri, ingeendelea. Siku nyingine zote wangejibu kama kawaida.

"Umesikia, Nendiwe?" Tumsifu alimwambia mtoto. "Siku ya Alhamisi hodi haijibiwi."

Mtoto alimtazama baba yake kama aliyeambiwa kwamba Alhamisi watu watatembea kwa mikono.

*

Alimweleza mjomba. Asingeweza kumficha; alikuwa amelelewa nyumbani kwake. Mrutu alisikiliza hadi mwisho, akakohoa kikohozi ambacho Nakundwa hakuwahi kukisikia.

"Bonde ni tupu," alisema. "Ni mimi niliyesimama nikasema ni tupu."

"Si tupu, mjomba."

"Nimekusikia. Ukimtaja wanamfukuza, na mimi naonekana mwongo, hilo si kitu. Usipomtaja na maji yakapita, wanatukausha. Mimi sijui, Naku. Wewe ndiye fundi."

"Fundi wa kompyuta tu, mjomba."

"Si ndiyo hiyo iliyotufikisha hapa?"

Akatoka nje, akazunguka ndiva yote kwa miguu, kisha akaizunguka tena.

Chachu haifutwi, huachishwa, kama mtoto ziwa. Unaisubiri ifanye lile usilolitaka, unalikatiza pale pale, unarudia, mpaka iache yenyewe kulifanya. Nakundwa alishinda siku nzima akiwasha na kuzima. Hodii, akakata. Hodii, akakata. Nyumba ya kwanza ilikubali upesi, na ya pili, ya tatu, ya nne. Ya tano ilikuwa ngumu. Kila alipoikatiza, mashine ilirudia kuiita, na ilipokatizwa ilikaa kimya kidogo kabla ya kusonga mbele, kama mtu aliyeitwa akageuka nusu. Alijiambia ni kwa sababu mashine imechoka. Alijua vizuri kwamba mashine hazichoki.

Jioni iliwaka kwa wepesi ulioridhisha. Mjomba alipiga makofi mara moja. Nakundwa alirudi nyumbani akala nusu ya chakula chake.

*

Mkaguzi, Bi Mwanahija, alikuwa mwanamke mfupi mwenye buti zilizomzidi, mpole wa maneno. Alitembea juu ya ukingo akiukanyaga kanyaga, akagusa mstari mwekundu kwa kidole, akaingia kibandani. Aliisifu kazi ya waya. Kisha akauliza kwa nini hakuna spika.

Nakundwa akasema haihitajiki.

"Inahitajika," Bi Mwanahija alisema bila kupandisha sauti. "Mashine ya bwawa lazima isikike inachofanya. Kama unayo, iweke tu, haina shida."

Ilikuwa kwenye begi, na begi lilikuwa wazi. Akaiweka.

Maji yalikuwa yamejazwa hadi chini ya mstari, na kijito kiliendelea kumimina. Bi Mwanahija akakata umeme, akasubiri, akaurudisha. Feni zikazunguka. Mjomba Mrutu alisimama dirishani akitazama mawe ya ukingo, mikono nyuma, vidole vikikamatana na kuachana.

Hodii, ikasema spika.

Bi Mwanahija aliinua macho.

"Ni ya zamani," Nakundwa alisema. "Ni mazoea ya mlinzi aliyepita."

Hodii.

Upepo wa bondeni ulivuma kwenye spika. Maji yalipanda. Nakundwa alihesabu moyoni, na hesabu ilikuwa inakwenda sawa, muda ulikuwa unatosha.

Hodii.

"Karibu," ikajibu sauti ndogo, safi, ya mtoto aliyelelewa vizuri.

Bi Mwanahija akageukia spika.

"Maji yanakuja," kompyuta ikasema.

"Baba amesema tusijibu," ile sauti ikasema. Kisha ikaongeza, kwa kuwa jibu la hodi haliwezi kuachwa nusu, "Hayupo. Amevuka mfereji kwenda kwa Bibi Kachenje, kumtoa."

Nyumba ya tano. Mlango uliofungwa, na Tumsifu akisema alihama.

Kompyuta haikufungua lango. Mzee Kajiru aliifundisha kwamba ikishajibiwa karibu, haiendi popote mpaka isikie neno tumetoka, na funzo hilo halikuwa limeguswa. Ikakaa. Kitaa cha manjano kikakaa kimewaka.

"Yamefika," mjomba alisema dirishani. Kisha, "Yanaupita."

Ukutani palikuwa na mkono wa chuma wa kufungua lango bila kompyuta. Mrutu aliufikia kwa hatua mbili, akaushika. Hapo akageuka kumtazama mpwa wake, na Nakundwa akaona kwamba hataki kuuvuta na hataki kuuachia. Chini ya dirisha kulikuwa na paa za Kirongwe. Kwenye spika mtoto alikuwa anapumua.

"Mjomba, subiri," Nakundwa alisema. "Kuna watu mferejini."

"Na huku chini je?"

"Huku chini pia wapo. Subiri kidogo."

Alimtazama mkaguzi, akitegemea amri. Bi Mwanahija hakutoa amri yoyote. Alikuwa ameuweka mkono wake juu ya mkono wa Mrutu, pale kwenye chuma, akitazama nje, na midomo yake ilikuwa inahesabu.

Kikasikika kishindo cha miguu, kuku akilalamika, na mtu anayehema.

"Tumetoka," Tumsifu alisema. "Fungulieni."

Lango likalia. Maji yalitoka kwa mngurumo uliotikisa vikombe mezani, yakateremka bondeni, na kwa muda mrefu hakukuwa na kitu kingine cha kusikia. Mstari mwekundu ulichomoza tena kwenye mawe, umelowa. Juu yake palikuwa na alama mpya ya maji, upana wa kiganja.

Mngurumo ulipopungua, sauti nyingine ilitoka kwenye spika, ya mwanamke mzee sana, asiye na haraka yoyote.

"Na kwangu leo mbona hamkupiga hodi?"

Mjomba aliketi. Nakundwa alitoa kipaza sauti kwenye begi, akakichomeka pembeni ya spika.

"Shikamoo, bibi. Ni mimi niliyekata. Kila tukipiga kwako hatujibiwi, nikadhani hakuna mtu."

"Marahaba. Najibu," Bibi Kachenje alisema. "Naanza kuinuka mkiita ya kwanza. Nikifika kwenye kisanduku mmeshaondoka. Lakini nakuwa nimeinuka. Nikiinuka nakaa mbali na maji. Leo nilikuwa naosha vyombo mferejini."

*

Bi Mwanahija alimuuliza Nakundwa swali moja tu kuhusu mashine: hitilafu yake ni nini. Nakundwa akajibu kwamba haina hitilafu, ilikuwa inasubiri watu watoke.

Mkaguzi hakuikausha ndiva, wala hakuipitisha. Alisema maji yameupita mstari na hawezi kusema hayakuupita. Alisema pia kwamba bonde lenye watu atasema lina watu, na suala lao litakwenda kwa wanaohusika, na hakuahidi litarudi na jibu gani. Mpaka hapo ndiva ingejazwa nusu. Ikiwa nusu, maji yangechelewa kuufikia mstari, na mashine ingekuwa na nafasi ya kukawia.

Nusu ya maji ni nusu ya zamu. Habari ilifika kijijini kabla ya mjomba, na jioni hiyo watu walikuja uani kwake, wengine wakiwa wapole na wengine si wapole. Mmoja alimuuliza Nakundwa usoni kama tangawizi ya mtu mmoja na kuku wa bikizee ndivyo vitawalisha watoto wao. Mama yake, ambaye shamba lake la mwisho wa mfereji wa kijiji lisingepata tena tone, alimpa uji na hakulizungumzia, na hilo lilikuwa zito kuliko yote.

Asubuhi iliyofuata alikwenda kibandani mapema. Aliirudishia chachu nyumba alizoiachisha, zote tano. Ilikuwa rahisi, tabia haikuwa imeenda mbali. Mjomba alimkuta akiwa bado anafanya hivyo, akauliza kama zile zisizo na paa nazo ni lazima.

"Nilishakata moja nikidhani ni tupu, mjomba," alisema. "Sikati tena nikiwa nimeketi huku juu."

Mrutu akavuta kigoda. Nakundwa akabonyeza kitufe. Feni zikazunguka, taa ya kijani ikawaka, skrini ikabaki nyeusi.

Hodii, ikasema mashine kwenye nyumba ya kwanza, kwenye kuta na mibarika.

"Kwa Mbonea," mjomba alisema polepole, kama anayejikumbusha. Ilipofika ya pili akasema, "Kwa Mchome." Aliwataja wote wanne, na hakukohoa.

Kwenye nyumba ya tano Nakundwa alikuwa ameongeza kitu kimoja, cha pekee ambacho Mzee Kajiru hakukifundisha. Mashine ilipiga hodi ya kwanza, ya pili, ya tatu. Kisha haikuondoka. Ilisimama pale mlangoni, na wao wawili wakasubiri nayo. Nje maji ya ndiva yalikuwa yamelala mbali chini ya mstari. Kwenye spika kukasikika kitanda kikilia, kisha kandambili zikiburuzwa, zikatulia, zikaburuzwa tena, zikija.